Jibu la swali: Soltani alipataje dhahabu ya Olimpiki kwa sare ya 3–3?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha vijana ngumi za ridhaa hapa Tanga. Majuzi nilikuwa napekua matokeo ya Olimpiki za zamani nikakuta fainali ya kilo 60, Atlanta 1996: Hocine Soltani wa Algeria 3, Tontcho Tontchev wa Bulgaria 3. Dhahabu kachukua Soltani. Vijana wangu wanasema alibebwa. Sare inatoaje bingwa? Na huyu Soltani alikuwa nani hasa, mbona Wangila wa Kenya tunamjua lakini yeye hatumsikii?

Jibu: Marahaba, kocha. Nafurahi kusikia vijana wanasoma matokeo, wengi siku hizi wanataka video za KO tu, yaani mtu kuangushwa asiinuke. Nianze na hilo neno lao, maana limeniuma. Soltani hakubebwa.

Itazame Atlanta ilivyokuwa. Mkuu wa waamuzi wa ngumi alikuwa Emil Jetchev, raia wa Bulgaria. Kwenye nusu fainali ya kilo 57, kijana mmoja wa Kimarekani aitwaye Floyd Mayweather alishindwa kwa pointi 10–9 na Serafim Todorov, Mbulgaria. Wamarekani wakakata rufaa wakidai majaji walikuwa wanamhofia Jetchev, na rufaa ikatupwa. Bulgaria ikaingiza mabondia watatu fainali: Daniel Petrov kilo 48, Todorov kilo 57, na huyu Tontchev kilo 60. Sasa wewe niambie, katika hali hiyo Mwalgeria anayecheza na Mbulgaria abebwe na nani? Kama kulikuwa na pambano ambalo meza isingekuwa na haraka ya kumpa Soltani zawadi, ni lile. Akalingana pointi, kisha akashinda kwenye hesabu ya pili. Mimi hapo naona mtu aliyeshinda kweli.

Turudi kwenye hiyo sare. Watu wengi hupotea hapa kwa sababu wanaisoma 3–3 kama matokeo ya mpira. Mwaka 1996 pambano la ridhaa lilikuwa raundi tatu za dakika tatu. Majaji watano walikaa kuzunguka ulingo, kila mmoja na kifaa chenye vibonye, cha kona nyekundu na cha kona ya bluu. Jaji akiona ngumi safi anabonyeza. Ngumi safi ni ile iliyopigwa kwa sehemu nyeupe ya glavu, yenye uzito wa bega nyuma yake, ikatua usoni au mbele na ubavuni mwa mwili, juu ya mkanda, bila kuzuiwa. Lakini kubonyeza kwa jaji mmoja hakukuwa pointi. Kompyuta ilisubiri majaji watatu kati ya watano wabonyeze rangi ileile ndani ya sekunde moja. Wakibonyeza wawili, hakuna pointi. Wa tatu akichelewa kidogo tu, hakuna pointi.

Kwa hiyo 3–3 inakwambia kwamba ndani ya dakika tisa, kwa kila bondia, ilitokea mara tatu tu majaji watatu wakaona kitu kilekile na vidole vyao vikashuka pamoja. Waambie vijana wako kwamba mle ulingoni hazikurushwa ngumi sita. Zilirushwa nyingi, zilitua kadhaa, na nyingi kati ya zilizotua zilionwa na jaji mmoja au wawili zikaishia hapo.

Zikaishia hapo kwenye ubao wa matokeo, nasema, kwa sababu ndani ya kompyuta hazikupotea. Kila mbofyo wa kila jaji ulihifadhiwa. Pointi zikilingana mwisho wa pambano, kanuni ilisema wairudie akiba hiyo: angalia kila jaji amembonyezea nani mara ngapi, ondoa hesabu ya juu kabisa na ya chini kabisa, jumlisha zilizobaki. Nikupe mfano wa kubuni ili uweze kuwaandikia ubaoni. Tuseme majaji watano wamembonyezea nyekundu mara 14, 11, 12, 9 na 17. Unaondoa 17 na 9, inabaki 37. Bluu wamembonyezea mara 10, 12, 9, 11 na 8. Unaondoa 12 na 8, inabaki 30. Ubao unasoma 3–3, lakini nyekundu ndiye aliyeonekana akipiga zaidi. Ikitokea hata hizo zimelingana, hapo tena majaji wanaulizwa wao wenyewe wachague, nani alianzisha mashambulizi zaidi, nani alijilinda vizuri zaidi.

Kwa hiyo unapoona sare kwenye matokeo ya miaka ile, ujue kuna karatasi ya pili nyuma yake. Wanaopekua matokeo mtandaoni huiona ya kwanza tu.

Mimi nimekaa kwenye kiti cha jaji, na natamani kila anayesema fulani alibebwa angekaa hapo raundi moja tu. Mabondia wanakumbatiana upande wa pili wa ulingo. Mwamuzi anasogea kuwaachanisha na mgongo wake unakuziba. Unasikia mlio wa glavu, mzito, lakini hujui imetua kwenye mbavu au kwenye kiwiko, na huruhusiwi kubonyeza kwa masikio. Wanaachana. Unamwona mmoja kinywa kimefunguka, kinga ya meno inaonekana, mkono wa kushoto ameubana ubavuni, na sasa unajua kabisa kwamba ile ilikuwa ngumi ya mwili iliyokwenda shule. Sekunde imeshapita. Jaji wa upande wa pili ameiona, amebonyeza peke yake, na ubao haukusogea.

Mabondia si wajinga. Baada ya miaka michache walijua mashine inaona nini na haioni nini. Ngumi ya mwili ilianza kufa. Mfululizo wa ngumi nne za karibu ukawa kazi bure, maana macho ya binadamu yanaona mkorogo. Kilicholipa ni ngumi moja ya moja kwa moja, ndefu, ikitua usoni kweupe kila jaji akiiona, halafu unarudi kwenye kinga na kuzunguka. Ukishakuwa mbele kwa pointi mbili, unafunga duka. Sikuupenda mfumo ule, na sikulia ulipoondolewa mwaka 2013. Ila kabla hujaulaumu, kumbuka ulitoka wapi: Seoul 1988, fainali ya kilo 71, Roy Jones wa Marekani alimtandika Park Si-hun wa Korea Kusini raundi zote tatu, kisha majaji watatu kati ya watano wakampa Park. Dunia nzima iliona. Mashine ililetwa kuzuia aibu ile isirudi, na Barcelona 1992 ikawa Olimpiki ya kwanza kuitumia.

Na Barcelona ndipo Soltani anapoingia.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1972 huko Thénia, mji wa jimbo la Boumerdès, mashariki mwa jiji la Algiers. Kwa mtoto wa Algeria wa umri wake, ngumi haikuwa mchezo wa pembeni. Medali mbili za kwanza kabisa za Olimpiki ambazo nchi ile iliwahi kupata zililetwa na mabondia, Los Angeles 1984: Mohamed Zaoui shaba ya kilo 75, Mustapha Moussa shaba ya kilo 81. Soltani alikuwa na miaka 11 wakati huo. Na miaka minne kabla, Loucif Hamani, Mwalgeria aliyepitia ngumi za ridhaa na Olimpiki ya 1972, alikuwa amepanda ulingoni Marekani na Marvin Hagler. Alipigwa raundi ya pili, lakini alifika.

Barcelona, Soltani alikuwa na miaka 19, akacheza uzito wa unyoya, kilo 57. Akavuka hadi nusu fainali na hapo akakutana na Andreas Tews wa Ujerumani. Matokeo: Tews 11, Soltani 1. Hebu kaa na namba hiyo kidogo. Tews alikuwa ameshatwaa fedha ya Seoul kwenye kilo 51 akiwa na Ujerumani Mashariki, amepevuka, anajua kupiga ngumi inayoonekana, na alikwenda kuchukua dhahabu. Kijana wa Thénia alipata pointi moja. Siwezi kuamini kwamba katika pambano zima alitua ngumi moja tu. Alichokosa ni ngumi tatu-tano zinazoonwa na watu watatu kwa pamoja. Akarudi nyumbani na shaba, kwa kuwa kwenye ngumi wote wawili wanaoshindwa nusu fainali wanapewa shaba bila kucheza tena. Algeria ilitoka Barcelona na medali mbili tu, hiyo yake na dhahabu ya Hassiba Boulmerka wa mita 1500.

Kisha inakuja miaka minne ambayo mimi ndiyo naiheshimu zaidi katika maisha yake. Januari 1992 uchaguzi wa bunge ulisimamishwa Algeria, na nchi ikaingia kwenye vita vya ndani vilivyoua makumi ya maelfu ya watu. Ukanda wa kuzunguka Algiers, pamoja na Boumerdès, uliumia vibaya. Boulmerka mwenyewe alitishiwa maisha. Katika miaka hiyohiyo, mtu anaamka, anakimbia, anapiga begi, anakwenda kambini, anapima uzito. Wewe unajua, kocha, ilivyo kazi kumweka kijana kwenye programu miezi sita tu hata pakiwa na amani.

Na alibadilisha uzito. Kutoka 57 akapanda 60. Kwa asiyejua, kilo tatu si kitu, na kwenye ngumi za kulipwa unaweza kukamua maji, ukapima jana yake mara moja, ukala, ukapanda ulingoni ukiwa mzito zaidi. Ridhaa haina msamaha huo. Unapima asubuhi ya kila siku unayocheza. Kwenye Olimpiki za wakati ule kila uzito ulikuwa na mabondia wapatao 30, kwa hiyo anayefika fainali alicheza mapambano manne au matano ndani ya wiki mbili, na kila mara mizani inamsubiri. Kijana wa miaka 19 anaweza kujinyima hivyo. Mtu mzima wa miaka 23 akilazimisha, miguu inakataa kwenye nusu fainali. Kupanda uzito kwa wakati ni uamuzi mgumu, kwa sababu unakwenda kukutana na watu warefu na wenye nguvu kuliko ulivyozoea. Naona vijana wengi wa kwetu wameharibiwa na makocha waliowang'ang'aniza uzito wa utotoni ili tu wasipoteze nafasi ya timu ya taifa.

Atlanta, nusu fainali ya kilo 60: mpinzani ni Leonard Doroftei wa Romania. Huyu alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa wa uzito huohuo, ameshinda Berlin mwaka 1995, na alikuwa na shaba ya Barcelona. Miaka baadaye, mwaka 2002, alitwaa ubingwa wa dunia wa kulipwa wa WBA, moja ya taasisi zinazotoa mikanda ya ngumi za kulipwa. Soltani alimtoa. Wakati vijana wako wanabishana kuhusu fainali, waulize kama aliyebebwa ndiye anayemtoa bingwa wa dunia siku chache kabla.

Upande wa pili Tontchev alikuwa amemtoa Mmarekani, Terrance Cauthen, nyumbani kwao. Kwa hiyo fainali ilikuwa ya watu wawili wenye akili, wote wanaijua mashine, wote wanajua kwamba atakayefunguka kwanza atatoa zawadi. Ndiyo maana zikapatikana pointi tatu tatu. Shabiki aliyekaa mbali angeliona pambano kavu. Mimi naona bondia ambaye miaka minne nyuma aliruhusu ngumi 11 zionekane na majaji watatu katika pambano moja, sasa kwenye fainali ya Olimpiki anaruhusu tatu. Huo ndio ukubwa wake. Alijifunza kutoonekana akipigwa, na kwenye ile akiba ya mibofyo alionekana akipiga zaidi ya mwenzake. Akawa bondia wa kwanza wa Algeria kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Siku hizohizo za Atlanta Noureddine Morceli alichukua dhahabu ya mita 1500, na Mohamed Bahari shaba ya ngumi kilo 75.

Umemtaja Wangila, na umefanya vizuri. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya kilo 67 Seoul 1988, akamwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa raundi ya pili ya fainali. KO haihitaji karatasi ya pili. Ni rahisi kuisimulia kijiweni, na ni mtu wetu wa Afrika Mashariki, kwa hiyo jina limebaki. Ukitoa Afrika Kusini ya zamani, iliyopata dhahabu zake za ngumi kabla ya mwaka 1950, dhahabu za ngumi za Olimpiki barani hadi mwisho wa karne ya 20 zilikuwa mbili tu: ya Wangila na ya Soltani. Ndiyo, mbili, pamoja na vipaji vyote vya Uganda, Kenya, Ghana na Nigeria. Philip Waruinge alipewa tuzo ya bondia bora wa Olimpiki ya Mexico 1968, na bado hakuwahi kupata dhahabu. Fainali ya Munich 1972 aliipoteza kwa kura 3–2. Kwa hiyo ukisema Soltani hatumjui, ni kweli, na ni hasara yetu.

Sababu nyingine ya jina kufifia ni yaliyofuata. Baada ya Atlanta alikwenda kwenye ngumi za kulipwa, akapigana Marekani, lakini hakufika kwenye ubingwa wa dunia. Ngumi ya kulipwa inataka vitu vilevile ambavyo mashine ilikuwa imewafundisha mabondia waviache: kukaa karibu, kupiga mwili, kukubali moja ili utoe mbili, kuumiza. Na enzi hizo ukishachukua pesa mlango wa Olimpiki unafungwa. Mabondia wa kulipwa waliruhusiwa Rio 2016, yeye akiwa ameshafariki siku nyingi. Alitoweka Marseille, Ufaransa, Machi 2002, na baadaye ikathibitika kwamba aliuawa. Hakuwa amefikisha miaka 30. Wangila naye alikufa akiwa kijana, mwaka 1994, baada ya pambano la Las Vegas. Wanaume wawili, dhahabu mbili za bara zima, na wote walikuwa wamezikwa katika umri ambao wengine ndio kwanza wanaanza kufundisha. Hakuna aliyebaki kukaa pembeni ya ulingo, akamwambia mtoto, mimi nilifanya hivi. Hili linanisikitisha kuliko suala lolote la pointi.

Algeria ilipata shaba moja zaidi Sydney 2000 kupitia Mohamed Allalou, halafu ikakaa bila medali ya ngumi ya Olimpiki hadi Paris 2024, Imane Khelif alipomshinda Yang Liu wa China kwenye fainali ya kilo 66 za wanawake. Matokeo ya fainali hiyo yameandikwa 5–0, na nakuomba uwaeleze vijana wasiyaweke karibu na 3–3 ya Soltani kana kwamba ni vipimo vya aina moja. Sasa hivi jaji anatoa 10 kwa mshindi wa raundi na 9 au pungufu kwa aliyeshindwa. Hiyo 5–0 ni majaji, yaani wote watano walimwona Khelif mshindi. Hiyo 3–3 ni ngumi zilizokubaliwa. Mtu akikwambia Khelif alishinda kwa ngumi tano bila jibu, au Waruinge alipoteza kwa ngumi tatu kwa mbili, hajui anachosoma.

Ukitaka waelewe bila maneno mengi, fanya hivi siku ya mazoezi. Wapandishe wawili ulingoni kwa raundi moja ya dakika tatu. Wakalishe watano kuzunguka, wasiongee, kila mmoja ana vitambaa viwili, chekundu mkono wa kulia na cha bluu mkono wa kushoto. Akiona ngumi safi anainua, haraka, halafu anashusha. Wewe simama juu ya benchi na uandike pointi pale tu vitambaa vitatu vya rangi moja vinapopanda pamoja. Kila mmoja wa wale watano awe na msaidizi nyuma yake anayehesabu mara zote alizoinua kila rangi. Raundi ikiisha, soma kwanza pointi zako, kisha soma hesabu za wasaidizi. Usishangae ukiandika 1–1 au 0–0 huku wasaidizi wana namba za makumi. Wabadilishe nafasi, waliokuwa ulingoni wakae kwenye viti, halafu warudie. Na safari hii waambie walio ulingoni wapige mwili tu.